Siku Tano za Kihori

Jedidah hakuwa na haja ya dhahabu. Wenzake katika kikundi walipoitaja walimeza mate, wakaanza kupanga mabati na ng'ombe wa maziwa. Yeye alichotaka ni korongo lenyewe libaki pale Mungu alipoliweka. Shamba lake la ekari moja na nusu lilikuwa ukingoni kabisa, mahindi upande wa juu, kunde upande wa chini, na kilichouzuia ukingo usiporomoke ni ule mchanga uliojaa korongo tangu enzi. Chini ya mchanga huo kulikuwa na maji. Hata mwezi wa tisa, nchi yote kutoka Voi hadi Salaita ikiwa imekauka kama mkate wa juzi, Jedidah alichimba kwa bakuli, kina cha mkono mmoja, akapata maji ya kunywa na ya kumwagilia.

Sasa mchanga ule ulikuwa umepata mchumba. Maxwell, mfanyabiashara wa Voi mwenye malori matatu, aliutaka kwa ajili ya majengo. Alikuwa mtu wa adabu, avuaye kofia kusalimia na kuulizia watoto kwa majina yao. Lakini Jedidah alikuwa amekwenda kwa miguu kuliona korongo jingine, ng'ambo ya kilima, ambalo malori yalilimaliza mwaka uliopita. Aliona nguzo za ua zikining'inia kwenye waya, ardhi chini yake imekwenda, na akina mama wakimngoja mtu wa punda awauzie maji. Aliporudi nyumbani hakula.

Shida ni kwamba korongo halikuwa lake. Lilikuwa la kikundi, watu kumi na wawili, na mambo ya kikundi huamuliwa kwa kunyoosha mikono. Wengi walikuwa tayari kuinyoosha, wala hawakuwa watu wabaya. Mvua mbili zilikuwa zimewapita, na mkono mtupu haulambwi. Aliyewazuia ni Donald, mdogo wake marehemu mume wa Jedidah, aliyechimba vito kwa miaka ishirini. Mwaka uliotangulia Donald alikuwa ameokota punje ya dhahabu humo korongoni, ndogo kuliko chawa, na broka mmoja wa Voi akathibitisha kuwa ndiyo. Kikundi kilibishana siku nzima, mpaka mwenyekiti akakata shauri. Mwenyekiti alikuwa Bi Zubeida, mzaliwa wa Taveta, mwenye duka pale Mraru, mtu asiyepoteza neno. Maji ya mvua iliyonyesha juzi, alisema, yatatiririka korongoni kama wiki moja kisha yatakatika. Donald na wenzake wapewe siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa, waoshe mchanga. Ijumaa alasiri watu wakutane papo hapo. Karai likionyesha dhahabu, malori yasahauliwe. Likiwa tupu, Maxwell aingie.

"Na tena tusije tukalaumiana," akamaliza.

Basi Jumatatu asubuhi kikawekwa kihori. Chombo kile kina jina lake la kizungu, ambalo kila mtu alilitamka kivyake, lakini Nzau, mchimbaji mwenzake Donald, alipokiona alisema hiki ni kihori cha kulishia ng'ombe kilichokatwa ncha, na jina likabaki. Kilikuwa sanduku refu la mbao, hatua nne, wazi juu na wazi huku na huku. Sakafuni kulitandikwa zulia lililotolewa kanisani baada ya waumini kununua jipya, na juu ya zulia vikapigiliwa vipingo vya mbao, kimoja baada ya kingine, kama ngazi iliyolala. Kazi yake ni rahisi kueleza. Unaingiza maji kwa juu, unatia udongo kidogo kidogo. Chepesi kinakwenda na maji, kizito kinazama nyuma ya vipingo na kunasa kwenye zulia, na dhahabu ni nzito. Haya yote Donald aliyapata katika video ya simu, ya watu wa nchi ya mbali waliokuwa wakieleza kila jambo kwa makini sana katika lugha ambayo hakuijua hata salamu yake.

Sehemu moja tu haikuhitaji mkalimani. Kabla ya udongo kuingia kihorini, mtu mmoja alionekana akiuchekecha. Donald na Nzau walitazamana wakacheka kwa furaha, maana hiyo waliijua. Nzau, Mkamba mfupi mwenye mabega mapana, alikuwa bingwa wa chekecheke katika machimbo yote ya vito upande ule. Aliweza kuitikisa kutwa nzima, na jicho lake lilikamata jiwe la kijani dogo kuliko kiini cha punje ya hindi. Akashika chekecheke yake bila kungoja kuambiwa.

Ugomvi wa kwanza ulikuwa wa mteremko. Jedidah alizaliwa Mwanda, juu milimani. Huko alijifunza kuongoza maji ya mfereji kabla hajajua kusoma, na baba yake alizoea kumwambia kwamba maji yakikimbia yanaiba, yakilala yanazika. Alipoona Donald amekiinua kichwa cha kihori mpaka usawa wa kiuno, na maji yanashuka kwa kishindo, alimwambia yatabeba kila kitu.

"Shemeji," Donald akasema bila hasira, "hii si mfereji ya kabeji."

Jedidah akamwachia. Hakufurahi, lakini alimhitaji Donald kuliko alivyohitaji kumshinda. Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita. Kila jioni walilikunja zulia, wakalisuuza ndani ya beseni, wakayaosha masalio kwenye karai, na kila jioni wakaona changarawe safi ya kupendeza basi. Jumatano Donald alimjia mwenyewe, akikuna shingo, akamwambia ajaribu huo mteremko wake wa kabeji.

Jedidah akachukua chupa ya soda iliyojaa maji nusu, akailaza juu ya ubao wa kihori, akayasoma maji yaliyolala ndani. Akaondoa mawe ya chini ya kichwa, moja moja, mpaka upande wa juu ukabaki umeinuka kwa shibiri moja na kidogo. Maji yakaacha kelele. Yalipita juu ya vipingo yakijikunja kwa upole, na nyuma ya kila kipingo yakazunguka kidogo kabla ya kuendelea. Hata Nzau aliacha kazi akaja kutazama. Jedidah aliona fahari, na asidanganye mtu, aliiona mpaka masikioni.

Jioni wakalikunja zulia. Changarawe safi.

Alhamisi ikawa siku ya aibu. Ukikosea unaweza kurekebisha. Ukirekebisha mbele ya watu na mambo yakabaki vile vile, huna pa kuweka uso. Wanakikundi waliokuwa wakija kubeba na kuchota walipungua mmoja mmoja, huyu mbuzi wake anaumwa, yule ana mgeni. Maji nayo yalikuwa yamebaki nusu. Mchana Maxwell alikuja na kreti ya soda, akawagawia wote, akaisifu kazi ya mbao, kisha akaenda kupima ukingo kwa hatua zake, kutoka kwenye mgunga hadi kwenye kunde, akihesabu kwa sauti ya chini. Jedidah aliipokea soda yake kwa mikono miwili, akaenda kuimwaga nyuma ya kichaka. Hiyo ndiyo hasira pekee aliyojiruhusu.

"Mama Bravin," Maxwell akamwambia Jedidah akiondoka, "nitakuwekea mawe hapo ukingoni. Hautaanguka."

Jedidah akamshukuru. Alijua kwamba mtu yule aliamini anachokisema, na hilo likamtia hofu zaidi kuliko kama angekuwa mwongo.

Ijumaa kukapambazuka na manyunyu. Jedidah alikuja peke yake, mapema, kuuangalia ukingo wake kabla ya wengine, maana alitaka kulia na hakutaka kuonekana. Akapita kando ya rundo la mchanga ambalo Nzau alikuwa akilimwaga kutoka kwenye chekecheke tangu Jumatatu. Lilikuwa limefikia urefu wa banda la mbuzi. Manyunyu yalikuwa yamechora juu yake vijito vya upana wa kidole, vikishuka huku na huku. Mtu mwingine angepita na hamsini zake. Lakini mtoto wa Mwanda haoni mfereji, hata uwe wa kidole, asiufuate mpaka mwisho. Jedidah akainama. Kila mahali kijito kilipopinda, maji yalikuwa yamepunguza mwendo, na hapo kwenye kona palikuwa na mstari mwembamba, mweusi kama wanja.

Ulikuwa mchanga mweusi. Tangu Jumatatu Donald alikuwa akiuimba wimbo huo: mchanga mweusi ndio mwandani wa dhahabu, nao ni mzito, na ukiuona ujue mwenzake huenda hayuko mbali. Na kwa siku nne nzima haikuonekana kwenye zulia hata chembe yake moja. Jedidah alikuwa ameamini kwamba korongo halina mchanga huo. Kumbe lilikuwa nao tele, na wote umekaa hapa, kwenye takataka. Alichuchumaa akijiuliza umefikaje, akaikumbuka chekecheke yake mwenyewe, ile ya jikoni. Akaondoka mbio mbio kadiri goti lake bovu lilivyomruhusu.

Aliwakuta Donald na Nzau nyumbani kwa Donald wakinywa chai, nyundo ya kung'olea vipingo iko tayari mezani.

"Nzau," akasema, hata salamu akaisahau, "ukichekecha, unabakisha nini?"

"Mawe."

"Na mchanga?"

"Namwaga."

"Kwa nini?"

Nzau akamtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa viatu miguuni. "Kwa sababu ni mchanga, Mama Bravin. Nani anatafuta kitu kwa mchanga?"

"Mimi nikichekecha unga, ule unaoanguka ndio napika. Pumba nawapa kuku." Jedidah akavuta pumzi. "Nyinyi siku nne mmekilisha kihori pumba, unga mkamwaga."

Donald akaitoa simu, akaifungua ile video, na safari hii akamtazama mtu wa chekecheke peke yake. Akairudisha nyuma, akaitazama tena. Mtu yule alitikisa, akageuka, akatupa mawe. Kilichoanguka chini ndicho kilichotiwa kihorini. Jibu lilikuwa pale tangu mwanzo. Wanasema mwenye macho haambiwi tazama, lakini macho ya hawa yalifundishwa mawe. Miaka ishirini kito kilibaki juu ya waya na mchanga ukatupwa, na Jumatatu mikono yao ikafanya iliyoyazoea bila kuwauliza wenyewe. Mazoea yana taabu. Donald akaiweka simu kifudifudi juu ya meza.

"Nimemwaga dhahabu na mkono yangu," Nzau akasema polepole. Akautazama mkono wenyewe. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka chai ikamwagikia suruali, akamwambukiza Donald, na Jedidah naye akacheka huku akiwavuta wainuke, kwa sababu saa zilikuwa zinakwenda.

Walipofika korongoni wakakuta tatizo jipya. Kijito kilikuwa kimepungua usiku, kimebaki maji ya kulowesha kifundo cha mguu, na hayangeweza kupanda mpaka kichwani mwa kihori. Donald alisimama akiyatazama, akatazama jua, halafu akamgeukia Jedidah.

"Shemeji, tuambie," akasema. Kabeji hakuitaja.

Jedidah akawaambia. Kihori kikabebwa kikashushwa hatua thelathini, mahali korongo linapoanguka kidogo. Magunia yakajazwa ile changarawe safi ya siku nne, ambayo mwishowe ilipata kazi, yakapangwa kwa mshazari kutoka ng'ambo hadi ng'ambo, yasiyazuie maji bali yayasukume upande mmoja. Mfereji ukachimbwa kufuata ukingo, ukatandikwa turubai kuukuu ili mchanga usiyanywe maji njiani. Nzau alitaka kuunyosha. Jedidah akamfanya auzungushe mwamba, akamwambia maji ni kama mama mkwe, huyaamrishi, unayakaribisha tu. Chupa ya soda ililazwa na kusomwa mara kumi. Alikuwa ndani ya maji na matope, leso imefungwa kiunoni, goti linamuuma, na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alijisikia mzima namna ile. Saa sita na nusu maji yakaingia kichwani mwa kihori, yakajikunja juu ya kipingo cha kwanza na kushuka.

Ndipo wakaanza kukilisha kihori lile rundo. Donald alitaka kumwaga karai zima kwa pupa, Jedidah akamshika mkono. Koleo moja, ngoja maji yasafike, koleo jingine. Mchanga mwepesi uliondoka nao ukitia maji ukungu. Nyuma ya kipingo cha kwanza kukaanza kujipanga mstari mweusi, kisha nyuma ya cha pili, kisha cha tatu. Nzau alitaka kulikunja zulia saa ile ile. Wakamkatalia, wakaendelea mpaka jua likageuka.

Saa tisa kikundi kikafika, hata wale wa mbuzi mgonjwa. Lori moja la Maxwell likaja pia, tupu, likasimama juu ya ukingo karibu na mahindi, na Maxwell akashuka kusalimia watu wote kwa mkono. Bi Zubeida akaketi juu ya debe lililopinduliwa, akauliza kama wako tayari. Donald alijibu kwamba wako tayari, na kwamba kabla hawajaona chochote anataka wajue kosa lilikuwa la nani na nani amelifumbua. Akalieleza lote, pumba na unga, bila kujificha. Watu wakacheka, Nzau akiwaongoza. Jedidah hakucheka. Kilichokuwa kimeonekana mpaka hapo ni mchanga mweusi tu, na hajengi hoja mtu kwa mchanga mweusi. Mwandani anaweza kuja peke yake.

Wakalikunja zulia taratibu, wakalisuuza ndani ya beseni. Nzau akachukua karai, akachuchumaa kwenye maji, akaanza kulizungusha. Mikono ile mizito ilikuwa laini ajabu. Changarawe ndogo ikatoka, mchanga wa kahawia ukatoka, kikabaki kiganja cha weusi mtupu. Mtu mmoja nyuma akaguna. Donald akatoa sumaku ya spika ya redio iliyokufa, ameizungushia mfuko wa nailoni, akaipitisha juu ya ule weusi, nao ukarukia juu kama unaitwa. Akaupangusa. Akaipitisha tena, na tena, na kila alipoipitisha weusi ulipungua, mpaka Nzau akainamisha karai, akatia maji kidogo, akayatembeza.

Nyuma ya maji yale kukabaki ukanda wa njano.

Ulikuwa mrefu kama kidole na mwembamba kama uzi wa gunia, chembe kwa mamia, na mbele yake imetangulia punje moja nene kama nusu ya mchele. Nzau akavua kofia, akalifunika karai kivuli, kwa sababu vinavyojifanya dhahabu hufifia kivulini. Ile njano haikufifia. Bi Zubeida akainuka kwenye debe, akasogea, akashusha mkono wake wenye bangili ya dhahabu aliyoachiwa na mamake, akauweka ukingoni mwa karai, bangili kando ya ukanda. Akatazama huku, akatazama huku.

"Rangi ni moja," akasema.

Jedidah alitaka kusema kitu, akaona machozi yanamtangulia, akayaacha yaje. Asubuhi aliyaonea haya. Sasa aliyalia mbele ya watu wote, kwa sauti, na Donald akamshika bega naye akafuta macho kwa mkono wenye tope.

Bi Zubeida hakuwaachia nafasi ya kusherehekea kabla ya shughuli. Akauliza ni nani anayetaka malori. Mzee mmoja alikuwa amenyanyua mkono kujikuna kichwa, akaushusha haraka mpaka watu wakaangua kicheko. Akauliza ni nani anayetaka kihori. Mikono yote ikapanda, na Nzau akapandisha yote miwili, akaambiwa ashushe mmoja, hesabu isiharibike.

"Nina neno moja," Jedidah akasema, sauti bado imelowa. "Kila mchanga tutakaouosha, urudi humu humu korongoni. Usitoke hata karai moja."

"Na iandikwe hivyo," akasema Bi Zubeida, na hapakuwa na wa kupinga.

Maxwell alikuwa amelichungulia karai kama wengine. Kisha akavua kofia, akampa Jedidah mkono, akamwambia hongera, na hakuonekana kuwa anajilazimisha. Akapanda ukingo, akaingia ndani ya lori.

Injini ikanguruma, lakini lori halikuondoka. Dereva alichungulia dirishani, akatazama mahindi mbele, kunde nyuma, ukingo ubavuni, akauliza kwa sauti ageuzie wapi. Wanaume watatu wakaanza kumwelekeza kwa pamoja. Jedidah akawaambia wakae. Akapanda mwenyewe, goti na yote, leso inachuruzika maji, akaenda kusimama nyuma ya lori katikati ya shamba lake, akainua mikono juu, akaanza kuliongoza: rudi, rudi, kata kushoto, taratibu hapo, chunga kunde zangu. Lori likageuka juu ya ukingo, tupu kama lilivyokuja, na ukingo ukalibeba bila kutikisika.